Diski moja ikifa, kazi yako itabaki? Hivi ndivyo unavyochagua RAID

KAMA riziki yako iko ndani ya diski, makala haya ni yako. Labda unapiga video za harusi na ruracio. Labda unarekodi wasanii wa mtaani, unaendesha saiba, au wewe ndiye mwekahazina wa chama na vitabu vyote viko kwa laptopu yako. Kila wiki faili zinaongezeka. Kila wiki unahamisha, unafuta, unanunua diski nyingine. Halafu siku moja unaichomeka na unasikia sauti ndogo: tik, tik, tik. Haifunguki.

Diski yenyewe utanunua nyingine. Lakini bwana harusi hataoa tena Jumamosi ijayo ili umpige picha upya. Nyanya aliyetoa baraka zake kwenye ruracio mwezi wa Machi huenda amezikwa Juni, na ile sauti uliyoinasa ndiyo pekee familia iliyobaki nayo. Mteja hatakuuliza diski ilikuwa ya kampuni gani. Atakuuliza video yake iko wapi.

Ndiyo maana studio na ofisi nyingi haziachi kazi yao mikononi mwa diski moja. Huunganisha kadhaa zikafanya kazi kama moja, kwa mbinu inayoitwa RAID. Shida ni kwamba RAID ziko za aina nyingi. Kuna 0, kuna 1, kuna 5, 6 na 10, na usidanganyike kwamba nambari kubwa ndiyo bora. Kila moja inakupa kitu na kukunyima kingine. Ukikosea kuchagua, ama utalipia nafasi ambayo hutaitumia, ama utalala ukidhani umelindwa kumbe uko nje kwa mvua.

Twende pole pole.

Wazo lilitoka wapi?

Mwaka wa 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliuliza swali rahisi: kwa nini ununue diski moja kubwa ya bei ghali wakati unaweza kuunganisha nyingi ndogo za bei nafuu? Moja ya diski ndogo walizozitolea mfano ilibeba megabaiti 100 tu. Leo picha chache za simu zinaimaliza.

Waliujua pia ubaya wa wazo lao. Diski zikiwa nyingi, uwezekano kwamba moja itakufa unapanda. Ni kama biashara ya matatu: mwenye gari moja anaweza kumaliza mwezi bila kuona gereji, lakini mwenye magari ishirini hakosi moja lililolala kwa fundi. Kwa hivyo wakaeleza njia tano, wakazipa nambari 1 hadi 5, za kupanga data ili diski moja ikifa zilizobaki ziendelee na kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; hilo ndilo wazo lote la RAID.

Kati ya hizo tano, namba 2, 3 na 4 huzioni sana siku hizi. Nyingine zikaongezwa baadaye. Wewe unahitaji kuzijua hizi zifuatazo.

RAID 0: kasi bila breki

Hapa data hukatwa vipande vidogo na kugawanywa kwa zamu kwenye diski zote. Diski mbili za terabaiti (TB) 4 zinakupa TB 8 kamili. Hakuna nafasi iliyopotea. Kasi nayo ni moto, kwa sababu diski zote zinasoma na kuandika kwa pamoja.

Lakini ile sifuri inakwambia kiasi cha kinga ulicho nacho. Kila video yako imekatwa, nusu iko huku na nusu kule. Diski moja ikienda, video yote imeenda, hata kama ile nyingine ni nzima kabisa.

Piga hesabu. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 2 wa kufa ndani ya mwaka. Ukiwa na moja, hatari yako ni asilimia 2. Ukiunganisha nne kwa RAID 0, hatari ya kupoteza kila kitu inakaribia asilimia 8. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Je, haina kazi? Inayo. Inafaa kwa faili za muda unapohariri video, ambapo nakala halisi imeshalala salama kwingine. Zaidi ya hapo, iache.

RAID 1: kioo

Hii ndiyo rahisi kuelewa. Diski mbili, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Moja ikifa, ya pili ina kila faili na kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Unatoa iliyokufa, unaweka mpya, mfumo unanakili upya.

Bei yake iko wazi: unalipa diski mbili, unatumia nafasi ya moja. Mbili za TB 4 zinakupa TB 4. Wengine huona huo ni uharibifu wa pesa. Lakini kama kazi yako yote inatoshea kwa diski moja, hii ndiyo njia isiyo na mambo mengi. Na kwa mifumo mingi, hata kisanduku kizima kikiungua, ile diski moja iliyobaki fundi anaweza kuifungua kwa tarakilishi nyingine bila vita kubwa.

RAID 5: hesabu ya chama

Fikiria chama cha watu watatu. Wawili wanachanga, wa tatu hachangi, kazi yake ni kuandika jumla. Wa kwanza ametoa 300, wa pili 500, kwa hivyo wa tatu anaandika 800. Daftari la wa pili likipotea, hamna haja ya kugombana. 800 toa 300, jibu ni 500. Likipotea lile la jumla, mnajumlisha upya. Lakini yakipotea madaftari mawili kwa mpigo, hata mwalimu wa hesabu hawezi kuwaokoa.

RAID 5 inafanya hivyo kwa sifuri na moja. Ile jumla inaitwa pariti, na haikai kwa diski moja peke yake. Huzungushwa ili kila diski ibebe kiasi chake. Unahitaji diski tatu au zaidi, na nafasi unayopoteza ni ya diski moja tu. Tatu za TB 4 zinakupa TB 8. Nne zinakupa TB 12. Sita zinakupa TB 20. Kadiri unavyoongeza diski ndivyo kinga inavyokuwa rahisi kwa kila TB unayotumia, na hapo ndipo watu wengi hupendea RAID 5.

Ina gharama mbili. Ya kwanza ni uandishi. Ukibadilisha kipande kidogo tu, mfumo unasoma data ya zamani, unasoma pariti ya zamani, unaandika data mpya, kisha unaandika pariti mpya. Hatua nne kwa kazi ya moja. Kwa video ndefu zinazoandikwa mfululizo hutasikia sana. Kwa databesi ya duka yenye mabadiliko madogo madogo siku nzima, utasikia.

Gharama ya pili ni ile ya madaftari mawili. Diski moja ikifa, kuanzia dakika hiyo huna kinga yoyote hadi nyingine iwekwe na ijazwe. Tutarudi hapo, kwa sababu hapo ndipo watu hulia.

RAID 6: mlinzi wa pili

Unakumbuka hesabu za sekondari? Kisichojulikana kikiwa kimoja, mlinganyo mmoja unatosha. Vikiwa viwili, unahitaji milinganyo miwili tofauti. RAID 6 huweka pariti mbili zilizopigwa kwa hesabu tofauti, kwa hivyo diski mbili zozote zinaweza kufa na data yako ikabaki.

Unahitaji diski nne au zaidi, na unapoteza nafasi ya diski mbili. Nne za TB 4 ni TB 8, sita ni TB 16, nane ni TB 24. Uandishi mdogo mdogo ni mzito zaidi: hatua sita badala ya nne.

RAID 10: kioo chenye mbio

Hii si 'kumi'. Ni 1 na 0 zikishikana mikono. Diski zinapangwa jozi jozi za vioo, kisha data inagawanywa juu ya jozi hizo. Unahitaji nne au zaidi, na kwa kawaida idadi iwe shufwa. Nafasi unayopata daima ni nusu ya ulicholipia: nne za TB 4 ni TB 8, sita ni TB 12, nane ni TB 16.

Uandishi ni hatua mbili tu, moja kwa kila upande wa kioo. Ndiyo maana watu wa databesi huipenda. Diski moja ikifa, hakuna hesabu ya kupiga. Mwenzake ananakiliwa tu.

Diski nne mezani

Sasa tuseme una pesa za diski nne za TB 4. Umelipia TB 16. Unabaki na ngapi?

- RAID 0: unatumia TB 16. Diski moja ikifa, umepoteza zote.
- RAID 5: unatumia TB 12. Inavumilia kifo cha diski moja.
- RAID 6: unatumia TB 8. Inavumilia vifo viwili, vyovyote vile.
- RAID 10: unatumia TB 8. Inavumilia kimoja kwa uhakika, na cha pili kwa bahati.

Hiyo 'bahati' tuipigie hesabu. Diski moja ya RAID 10 ikishakufa, zimebaki tatu. Kati ya hizo, moja tu ndiyo pacha wa marehemu. Ya pili kufa ikiwa ni huyo pacha, basi. Ikiwa ni mojawapo ya zile mbili nyingine, uko sawa. Kwa hivyo kifo cha pili kina nafasi moja kati ya tatu ya kukumaliza.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kwa diski nne, RAID 6 na RAID 10 zinakupa nafasi ileile. Swali linakuwa: unataka usalama zaidi ama kasi zaidi? Lakini ukifika diski nane, RAID 6 inakupa TB 24 na RAID 10 inakupa TB 16. Hapo kasi imeanza kuwa na bei kali.

Mambo mawili kabla hujapiga hesabu zako. Kwanza, ukiona diski ya TB 4 inasoma kama 3.6 kwenye Windows, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Pili, RAID za kawaida hupima kila diski kwa ile ndogo zaidi. Ukichanganya ya TB 4, nyingine ya TB 4 na ya TB 2 uliyokuwa nayo nyumbani, kwa RAID 5 utapata TB 4 tu, kwa sababu zote zimehesabiwa kama TB 2. Mifumo mingine, kama SHR ya kampuni ya Synology, inajua kutumia diski za ukubwa tofauti. Hizo hizo tatu zingekupa TB 6. Kama unanunua pole pole, moja mwezi huu na nyingine mwezi wa nne, ni jambo la kuangalia.

Saa za roho mkononi

Wauzaji hukwambia RAID 5 'inavumilia kifo cha diski moja'. Ni kweli. Wasichokwambia ni kinachofuata.

Ukiweka diski mpya, mfumo unapaswa kusoma kila kitu kwenye diski zote zilizobaki, upige hesabu, na uijaze ile mpya mwanzo hadi mwisho. Diski ya TB 4 ikiandikwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde bila kusimama, hiyo ni zaidi ya saa saba. Diski ya TB 16 kwa kasi hiyo ni karibu saa 30. Na hapo tumedhani kwamba hakuna mtu anayetumia mfumo wakati huo. Kama bado unahariri kazi ya mteja, ongeza masaa.

Wakati wote huo diski zilizobaki zinakimbia kuliko kawaida. Na kumbuka ulizinunua siku moja, kwa duka moja, pengine zilitoka kiwandani pamoja. Zimefanya kazi masaa yaleyale kwa joto lilelile. Kama moja imechoka, nyingine hazina umri tofauti.

Kuna jambo lingine. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwenye karatasi ya maelezo kwamba kosa la kusoma lisilorekebishika halitazidi moja kwa kila biti 10 zilizopandishwa kwa kipeo cha 14, ambayo ni kama TB 12.5. Kujaza upya RAID 5 ya diski nne za TB 4 kunahitaji kusoma TB 12. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema, kwa hivyo usiogope kupita kiasi. Lakini umeona jinsi nafasi ya kukosea ilivyo nyembamba. Kwa RAID 5 iliyokwisha poteza diski moja, kosa hilo halina wa kulirekebisha. Kwa RAID 6, bado kuna pariti ya pili.

Ndiyo maana mafundi wengi watakwambia: diski zikiwa kubwa, au zikiwa zaidi ya nne, RAID 5 waachie wengine. Nenda RAID 6.

Na moja ikifa, usiseme 'nitanunua mwisho wa mwezi'. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama unaweza, weka diski moja ya akiba kwa droo tangu siku ya kwanza.

Stima ikipotea

Hapa kwetu lazima tuongee kuhusu stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaathirika. Na huhitaji giza la nchi nzima. Transfoma moja ya mtaa inatosha.

RAID 5 na 6 zina udhaifu wake hapo. Data na pariti haziandikwi kwa sekunde ileile hasa. Stima ikikatika katikati, data inaweza kuwa mpya na pariti ya zamani. Jumla haiendani na michango. Hutajua leo. Utajua siku diski itakapokufa na mfumo utumie ile jumla mbovu kukurudishia faili, halafu upate takataka.

Mifumo mizuri ina njia za kupunguza hatari hiyo, lakini dawa ya kwanza ni UPS. Si lazima iwe kubwa ya kuendesha studio nzima. Inatosha iwe na nguvu za dakika chache, na iunganishwe kwa waya wa data na kisanduku chako ili kijizime chenyewe kwa adabu. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya diski ya tano na UPS, nunua UPS.

RAID si bakapu

Hata ukisahau mengine yote uliyosoma hapa, shika hili. RAID inakukinga dhidi ya diski kufa. Haikukingi dhidi ya kidole chako, kirusi, mwizi, moto, au chai iliyomwagika. Ukifuta faili kimakosa, kioo nacho kinafuta sekunde hiyo hiyo. Kioo hakibishani nawe.

Juni 2017, kirusi kinachoitwa NotPetya kiliivamia kampuni ya meli ya Maersk. Kampuni hiyo ilikuwa na seva kama 150 kote duniani zilizoshikilia ramani ya mtandao wake na ruhusa za wafanyakazi, na zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ilionekana kinga tosha: moja ikifa, nyingine ziko. Kirusi kikazifuta kwa mpigo. Iliyopona ilikuwa moja tu, nchini Ghana. Unajua kwa nini? Stima ilikuwa imepotea kabla ya shambulio, na seva hiyo ikawa nje ya mtandao.

Intaneti ya huko ilikuwa ya polepole mno kutuma mzigo wa mamia ya gigabaiti. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja apande ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski kwenye uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London. Kampuni ya mabilioni ikaokolewa na stima iliyopotea Afrika Magharibi. Nakala 150 zilizounganishwa hazikufua dafu. Moja iliyokuwa imezimwa ndiyo iliyofaa.

Wapenzi wa katuni nao wanayo yao. Mwaka wa 1998, mtu mmoja katika studio ya Pixar aliandika amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa. Wakaenda kwa bakapu, wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa kwa muda na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa kwa sababu mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na alifanyia kazi nyumbani, kwa hivyo kulikuwa na nakala kwenye tarakilishi ya kwake.

Kuna kanuni ambayo mpiga picha Peter Krogh aliifanya ijulikane: 3-2-1. Nakala tatu za kila kazi, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. RAID yako, hata iwe na diski nane, inahesabiwa kama nakala moja. Ya pili inaweza kuwa diski ya kawaida ya nje unayoichomeka mara moja kwa wiki na kuichomoa. Kuichomoa ndiyo maana yake. Ya tatu iwe kwenye hifadhi ya wingu kama bando zinakuruhusu. Kama haziruhusu, nunua diski nyingine, ifunge kwa nywila, umpelekee mama yako nyumbani Machakos au Kisumu, na uibadilishe kila ukienda kumsalimia. Akiba haiozi.

Basi wewe uchague nini?

Una diski mbili na kazi inatoshea kwa moja: RAID 1. Usiumize kichwa. Huyu ni mwekahazina wa chama, mwanafunzi wa chuo, mtayarishaji muziki anayeanza.

Unapiga video na unahitaji nafasi kubwa, kisanduku kina nafasi nne: kama diski ni ndogo na bakapu yako ni ya uhakika, RAID 5 inakupa nafasi zaidi kwa pesa zako. Kama ni za TB 8 kwenda juu, au hujatulia na mambo ya bakapu, chukua RAID 6 na ukubali kupoteza nafasi. Ukiona inauma, fikiria kumpigia simu bibi harusi umwambie huna video yake.

Una databesi inayoguswa siku nzima, kama mfumo wa mauzo au wa hospitali ndogo: RAID 10. Kasi ya uandishi ndiyo unayolipia.

Unahariri na unataka kasi tu: tumia diski moja ya SSD kwa kazi inayoendelea, halafu kila jioni hamishia kwa RAID yenye kinga. Mara nyingi hiyo inakutosha bila kugusa RAID 0.

Na kama una pesa za RAID peke yake ama bakapu peke yake? Anza na bakapu. Diski mbili tofauti, moja kwako na moja kwa rafiki unayemwamini, zinakushinda kukulinda kuliko kisanduku cha kifahari kinachokaa pekee yake chumbani. RAID inakusaidia usisimamishe kazi. Bakapu inakusaidia usiipoteze.

Kabla hujafungua mkoba

Ukienda Luthuli Avenue au unaponunulia vitu vyako, uliza kama diski inatumia teknolojia ya CMR au SMR. Za SMR huandika njia zikipandana kama vigae vya paa, na hulemewa zinapojazwa upya kwenye RAID. Usitegemee lebo pekee: mwaka wa 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa kazi hiyo hiyo ya visanduku vya NAS, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa. Tafuta nambari ya modeli mtandaoni ukiwa bado dukani.

Usinunue diski zote kwa boksi moja kama unaweza kuepuka. Chukua mbili hapa, mbili duka lingine. Ukifika nyumbani, zipime zote kwa programu ya kusoma ripoti ya SMART. Diski inayouzwa kama mpya lakini imeshafanya kazi masaa elfu ishirini itajitaja yenyewe. Washa arifa za barua pepe ili kisanduku kikwambie diski ikifa, maana RAID iliyopoteza diski huendelea kufanya kazi kimya kimya na unaweza kukaa miezi bila kujua. Ratibu pia ukaguzi wa data nzima mara moja kwa mwezi, usiku ukiwa umelala.

Mwisho, fanya kitu ambacho wachache hufanya. Siku ya kwanza, kabla hujaweka hata faili moja ya mteja, jaza kisanduku kwa video za kujaribu, halafu chomoa diski moja kikiwa kinafanya kazi, mradi ni cha aina inayoruhusu hivyo. Tazama kama video bado zinafunguka. Tazama kama arifa imeingia kwa simu. Irudishe, na uandike kwa karatasi imechukua saa ngapi kujaza upya. Ibandike hiyo karatasi juu ya kisanduku. Siku diski itakapokufa kwa ukweli, utakuwa unajua la kufanya na utajua usubiri kwa muda gani.